Bustani Kando ya Mto Usio na Maji: Kisa cha Korongo Moja Dodoma

Benchi tulilikuta limekwama mdomoni mwa kalavati, miguu juu, limekumbatia matawi ya michongoma, mifuko ya saruji na ndala moja ya mtoto. Lilikuwa limefungwa kwa nati kwenye kitako cha zege, na fundi aliyelifunga aliifanya kazi yake vizuri, maana kitako nacho kilikuwepo, bado kimeng'ang'ania miguu. Maji yaliving'oa vyote viwili kutoka ukingoni na kuvishusha hatua zaidi ya mia mbili. Mvua yenyewe ilinyesha jana yake jioni, kwa saa moja hivi. Asubuhi ile ya Januari korongo lilikuwa mchanga mtupu tena, umelowa na kulala vizuri kama uwanja uliofagiliwa, na watoto wawili walikuwa wanaandika majina yao kwa vijiti.

Niliitwa na kamati ya mtaa mmoja wa upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma, nikaangalie kilichobaki cha bustani yao. Mtaa sitautaja, wala ofisi iliyochora mchoro wa kwanza. Kazi yangu ni hiyohiyo ya kuchora bustani, na nikiwa mkweli, miaka kadhaa nyuma ningeweza kuchora kitu kilekile na kukitetea kikaoni.

Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri kuutazama. Njia ya vitofali vya peva ilifuata ukingo hatua kwa hatua, mabenchi kumi yameelekea mtoni, miashoki imejipanga mistari miwili kama askari wa gwaride, nyasi za zulia kila mahali, na katikati chemchemi ya kurusha maji juu. Mto ulipakwa rangi ya buluu. Mwenyekiti wa kamati alinionyesha kwenye simu picha iliyowavutia: bustani ya Bishan–Ang Mo Kio ya Singapore. Naifahamu, na simlaumu mtu kwa kuipenda. Pale walikuwa na mfereji wa zege wa Mto Kallang wenye urefu wa kilomita 2.7. Wakauvunja, wakaurudishia mto mipindo yake ukawa na urefu wa kama kilomita 3.2, na bustani ikafunguliwa mwaka 2012. Ila Singapore inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zimetawanyika miezi yote. Dodoma tunapata kama 550 hadi 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo mawingu yanapita tu. Halafu kuna jambo ambalo picha ya simu haikulionyesha: kule kingo zimelazwa kwa mteremko wa taratibu na upana mkubwa, ili maji yakijaa yapande nyasi huku mtu ana nafasi ya kuondoka. Hapa kwetu benchi liliwekwa mita moja na nusu kutoka kwenye ukingo uliosimama wima kama ukuta.

Kwa msomaji wa Tanga au Bukoba nieleze kidogo mto wa Dodoma ni kitu gani. Ni mchanga. Kwa miezi minane au zaidi utaona njia pana ya mchanga mweupe kati ya kingo nyekundu, mbuzi wanakatiza, vijana wanacheza mpira. Maji yapo, lakini yamejificha chini ya mchanga, ndiyo maana kina mama wa vijijini huchimba kwa bakuli na kungoja yajae taratibu. Kisha siku moja, pengine hata mvua haijanyesha pale ulipo, yanashuka kutoka vilimani yakiwa mekundu, yanajaza korongo ukingo hadi ukingo, na kesho yake yamekwenda. Ni maji hayahaya ya kwetu yanayokusanyika Kinyasungwe na kwenda kuisumbua reli ya kati huko Gulwe na Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya bonde hilo yalikata reli kipande hicho, na safari zikasimama.

Kwa hiyo anayechora bustani kando ya mto wa namna hii ana wateja wawili wasiofanana. Mmoja ni mtu wa Oktoba, anayetafuta kivuli saa nane mchana. Wa pili ni maji ya saa moja ya Januari. Mchoro wa kwanza ulimsahau huyu wa pili kabisa, na huyo wa kwanza ulimpa mwashoki, mti ambao kivuli chake kinamtosha mtu mmoja mwembamba akisimama wima.

Hesabu ya kwenye daftari

Kabla ya kugusa kalamu nilifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa hesabu, nikaifanya mbele ya kamati ili nisije kuambiwa nawatisha.

Eneo linalomwaga maji kwenye korongo lile, kwa kulipima juu ya ramani ya mtandaoni, ni kama kilomita mbili za mraba. Mvua ya milimita 40 ikilidondokea ni mita za ujazo 80,000. Zamani sehemu kubwa ilinywewa na ardhi, vichaka na matuta ya mashamba ya uwele na mtama. Leo juu kule kuna mabati, nyua za saruji na barabara za lami zenye mitaro inayopeleka kila tone bondeni. Tukasema nusu tu ndiyo inatiririka, na inapita kwa saa moja. Hiyo ni mita za ujazo 11 kila sekunde. Kalavati chini kule ina mabomba mawili yenye kipenyo cha sentimita 90, na bomba la hivyo likiwa safi linapitisha moja na nusu, ukilisukuma sana mbili. Mawili kwa pamoja hayazidi nne. Yanayobaki, saba na zaidi kila sekunde, yanarudi nyuma, yanapanda, yanaingia bustanini. Na hapo benchi bado halijaziba mdomo.

Mjumbe mmoja, fundi ujenzi, alirudia hesabu kwenye simu yake, akanyamaza, kisha akauliza kama haiwezekani kupanua kalavati. Inawezekana, lakini barabara ile si ya mtaa, na ukiyapitisha maji yote kwa kasi hapa unakuwa umemtumia jirani wa chini zawadi asiyoiomba. Valencia ya Uhispania, baada ya mafuriko ya Oktoba 1957, walihamisha Mto Turia ukapita kusini mwa mji, na mkondo wa zamani wakaugeuza bustani ndefu ya kilomita kama tisa, nzuri kweli. Mafuriko ya Oktoba 2024 yalipokuja, katikati ya jiji palinusurika, lakini vitongoji vya kusini mwa mkondo ule mpya vilizama na mkoa ulizika watu zaidi ya mia mbili.

Jambo la pili lilikuwa kumtafuta mzee. Kila korongo la Dodoma lina mzee wake. Huyu nilimkuta amekaa chini ya mkwaju, nikamwamkia, "Mbukwenyi, mzee." Akaitikia, akanisogezea kigoda, tukaongea mambo ya mvua mpaka aliporidhika kwamba sijaja kupima viwanja. Ndipo akanyanyuka na fimbo yake, akanipeleka kwenye mgunga mmoja ukingoni. Kwenye panda ya matawi, juu ya kifua changu, kulikuwa na nyasi kavu zilizosukwa pamoja na kipande cha kamba ya katani, mithili ya kiota cha ndege mvivu.

"Hiyo unafikiri ameweka nani, mwanangu?"

Maji, nikasema.

"Basi ninyi mnapima na mitambo, na yeye ameandika hapo." Akaonyesha kwa fimbo shina la mkwaju, mbali zaidi, juu ya mteremko. Mwaka wa El Nino, yaani masika ya 1997 na 1998, maji yalifika kwenye mizizi ile na kulala hapo. Nilichukua rangi nyekundu nikaweka alama sehemu zote mbili. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyotawala mchoro wote uliofuata. Mpaka leo namwambia kila kijana anayenifuata kazini aanze kutazama juu mitini kabla hajafungua kompyuta.

Tulichobadilisha

Tuligawa eneo katika madaraja matatu. La chini, kutoka mchangani hadi mstari wa kwanza, ni la maji. Hapo hakuna benchi, hakuna taa, hakuna kitu kilichofungwa kwa nati. Watoto wanacheza mchangani kiangazi, na mchanga ule ni uwanja mzuri kuliko bembea yoyote ambayo mtaa ungeweza kununua. Daraja la kati, kati ya mistari miwili, linaruhusiwa kulowa mara moja moja, kwa hiyo lina vitu vinavyovumilia kulowa: ngazi pana za mawe za kukalia, miti na nyasi ngumu. La juu, nyuma ya mstari wa El Nino, ndilo lina choo, bomba la maji, taa na njia kuu.

Wazo la kuacha bustani ifurike si langu. Kongjian Yu, msanifu mandhari wa China aliyefariki 2025 kwa ajali ya ndege huko Brazil, alilifanyia kazi maisha yake yote. Kwenye bustani ya Yanweizhou mjini Jinhua, iliyokamilika 2014, kuta za zege za kuzuia mafuriko ziliondolewa na kuwekwa ngazi za udongo zilizopandwa majani yanayokubali kuzama. Sisi hatukuwa na fedha ya hata kona moja ya ile kazi. Tulikuwa na mawe, na Dodoma mawe hayaombwi, milima yote ni mawe.

Ukingo wima tuliulaza upande mmoja tu, ule wenye nafasi. Upande wa pili nyumba zimesogea mno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini ukisimama pale na futi kamba utaona sheria inaishia kwenye jiko la mtu. Hili ndilo linanifanya nizipende bustani za makorongo hata zikiwa za hovyo: eneo lenye watu, ngazi na miti ni gumu kuvamiwa kuliko pori lenye kibao cha "Usijenge Hapa". Mpango mji wa 1976, ule ulioandaliwa na Project Planning Associates ya Toronto, ulitaka mji ufuate umbo la ardhi na kuacha uwazi kati ya makazi. Uwazi usio na mwenyewe Dodoma ya sasa haukai miaka mitano.

Kosa lililoniuma zaidi la mchoro wa kwanza halikuwa hata kwenye mchoro. Ni greda. Siku ya kwanza ya kazi mkandarasi "alisafisha" ukingo, akafyeka vichaka na miti midogo yote ili nyasi za zulia zipate kulala. Mizizi ya vichaka vile ndiyo iliyokuwa imeshikilia ukingo. Bahati nzuri greda lilikata juu, visiki vikabaki. Wanavijiji wa mkoa huu wanajua cha kufanya, wanakiita kisiki hai: unachagua machipukizi mawili au matatu yenye afya, mengine unayapogoa, unafunga kitambaa kwenye shina uliloliacha ili watu wajue lina mlezi. Tulifanya hivyo kwa visiki vyote tulivyovikuta ukingoni. Miche ya kununua ingetaka kumwagiliwa; kisiki kina mizizi yake tayari chini huko na hakidai kitu. Kwenye mipindo miwili iliyokuwa inaliwa sana tuliweka gabioni, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe, na juu yake nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake hushika udongo.

Miti ya kupanda upya ilikuwa michache. Mikwaju kwa daraja la juu. Mwarobaini pale tulipotaka kivuli cha haraka, ingawa nauona umezidi mjini hapa. Na migunga ya aina ile inayovaa majani kiangazi na kuyapukutisha mvua zikianza, ambayo kwa bustani ya Dodoma ni kama imetungwa: Septemba na Oktoba, kila kitu kikiwa kimekauka, yenyewe ina kivuli. Kila mche ulizungushiwa miiba kwa ajili ya mbuzi, na pembeni yake tukachimbia chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kifuniko chini kimetobolewa kwa sindano ya kushonea magunia, kitako kimekatwa. Wanafunzi wa shule ya jirani wanajaza mara mbili kwa wiki. Minyaa ya uzio niliikataa, utomvu wake ukiingia jichoni mwa mtoto ni hospitali. Mjumbe mwingine alitaka kichanja cha mizabibu juu ya njia, alama ya Dodoma. Wazo tamu, lakini mzabibu hapa unapogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka na unapuliziwa dawa. Nani atapulizia juu ya vichwa vya watu?

Vita kubwa ilikuwa nyasi. Eneo la zulia lilipangwa mita za mraba 4,000. Nyasi kwa jua hili, ili zibaki kijani, zinakunywa kama lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 20,000, yaani maboza mawili ya lita elfu kumi, kila siku ya Mungu kwa miezi minane, katika mji unaotegemea zaidi visima vya Makutupora na ambao mgawo wa maji ni habari ya kawaida. Nilidhani hesabu hiyo imemaliza mjadala. Akasimama mama mmoja wa kamati, akasema taratibu, "Kijana, hesabu zako tumezisikia. Lakini maharusi wa mtaa huu watapigia picha wapi?" Kikao kizima kikacheka, na mimi nikaelewa kitu ambacho sikukiandika popote kwenye vipimo vyangu. Mita za mraba 200 za ukoka zikabaki karibu na lango. Lita elfu moja kwa siku, tangi moja. Chemchemi ya kurusha maji iliondolewa bila mtu kuililia.

Njia niliitoa ukingoni na kuipeleka juu, ya moramu iliyoshindiliwa na kingo za mawe badala ya peva, na sehemu moja ikakatiza korongo kwa kivuko mfuto cha mawe na zege kilicholala sawa na mchanga, maji yapite juu yake. Mabenchi yaliyosalia yaligeuziwa mgongo upepo wa mashariki, ule wa Julai unaobeba vumbi, na yakawekwa kwa kufuata kivuli cha saa kumi alasiri, siyo cha saa sita. Nilikaa pale siku mbili na vigingi nikifuata vivuli. Hakuna njia ya mkato.

Na chini ya mkwaju kulikuwa na mama lishe, ambaye mchoro wa kwanza ulimwondoa kwa sababu ya "mandhari". Nilimuuliza kama mabenchi ya mwanzo yalimsaidia biashara. Akafunika sufuria la maharage, akanitazama. "Baba, kivuli changu kinajaa saa sita. Mabenchi yenu yalikuwa yanajaa lini?" Mchoro mpya ulimpa sakafu ya mawe, sehemu ya kumwaga maji ya vyombo kuelekea kwenye miche, na kazi asiyolipwa ya kujua nani ameingia na nani hajatoka. Benchi la kwenye kalavati lilinyooshwa miguu likawekwa kwake. Analitumia kuwekea ndoo.

Masika yaliyofuata

Maji yalipanda hadi ngazi ya tatu, yakaacha tope laini la vidole viwili kwenye ngazi za chini, watu wakalikwangua kwa majembe wakapeleka kwenye miche. Visiki havikutingishika. Kivuko kilipitiwa na maji mara kadhaa, kikabaki.

Njia ya moramu ilikatika sehemu moja, na hilo ni langu. Nilikazana na maji yanayokuja na korongo, nikasahau mtaro wa barabara ya mtaa unaoingilia pembeni. Ulijaa, ukafuata mteremko wangu mzuri, ukachimba mfereji wenye kina cha goti katikati ya njia. Tulitandika mawe makubwa pale mtaro unapoangukia na kuupasua mara mbili ili kasi ipungue. Ningeuona siku ya kwanza kama ningetembea na mwavuli siku ya mvua badala ya kwenda siku za jua tu.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni mchanga. Kadiri mji unavyojengwa, mchanga wa korongo ni fedha, na fuso zinaingia usiku kupitia upande wenye nyumba. Kamati iliweka nguzo mbili za chuma. Moja ilikutwa imelala. Mchanga ukishuka, gabioni inabaki bila kitako, na kwa siri, kwa sababu ukisimama juu huoni kitu. Nimepaka mstari wa rangi kwenye kasha la mwisho la mpindo wa pili ili tujue mchanga unashuka kiasi gani. Mara ya mwisho nilipokwenda, nililala kifudifudi mchangani nikapitisha mkono chini ya kasha hilo. Uliingia hadi kwenye kiwiko.